Kapeti Upande wa Kulia

Jumamosi nilipoliosha gari
nilizitoa kapeti zote nne, nikazianika uani,
na ile ya upande wa kulia, upande wa abiria,
ilikuwa imetoboka.
Tundu la ukubwa wa sarafu ya yuro mbili,
pale pale ambapo pangekuwa na breki
kama abiria naye angepewa breki.

Miaka kumi na mitatu Zdenka amekuwa akilisimamisha gari hili
kwa mguu wake, bila kusema neno.

Kutoka Kranj hadi Ljubljana ni kilomita ishirini na nane na ushee.
Mimi nilizihesabu kwa watu niliowapita:
leo kumi na tisa, jana ishirini na wawili.
Nilimganda mtu mgongoni mpaka nione mba kwenye kola yake,
nikiwasha taa, nikizima, nikiwasha,
nikimwita mbuzi mtu ambaye labda anampeleka mamake hospitali.
Kisha naegesha, napanda ngazi, nakaa mezani
na kuchonga meno bandia ya wagonjwa,
nusu milimita kwa nusu milimita.
Wenzangu husema Lado ana mikono ya subira.
Mikono, ndiyo. Miguu ilikuwa na mambo yake.

Machi mwaka jana akaanza kupanda treni.
Alisema apate nafasi ya kusoma riwaya.
Nikaamini. Mtu huamini upesi
kile kisichomgharimu.

Sikumwonyesha tundu.
Niliirudisha kapeti mahali pake,
na Jumatatu nikatoka dakika kumi na tano mapema,
nikaiacha barabara kuu, nikashika ile ya zamani inayopita Medvode.
Methali nazijua; kila lugha inayo yake ya kukemea haraka,
na hakuna hata moja iliyowahi kukanyaga breki.

Wiki ya kwanza nilikuwa kama mtu aliyeacha sigara.
Mguu uliniwasha. Malori ya maziwa yalinipita.
Kijana mmoja akanionyesha kidole kupitia dirishani
na kidole kile nikakitambua:
kilikuwa changu.

Nikajifunza kuinua mguu mapema,
kuiona taa nyekundu ingali mbali na kuiendea bila pupa,
hata nifike inapogeuka kijani
na magurudumu hayajasimama.
Ni furaha ya kijinga, haina wa kumsimulia.
Mshale wa petroli nao umekuwa mvivu;
nilizoea kujaza kila Alhamisi,
sasa hunivusha hadi Jumanne ya pili.

Na kuna farasi, ukishaipita Medvode,
mweupe, amevishwa blanketi la buluu,
hukojoa saa moja na dakika ishirini.
Sisemi amenifundisha lolote. Ni farasi.

Novemba nilianguka.
Nilikuwa nimechelewa, nikarudi barabara kuu,
nikawapita thelathini na mmoja,
na niliimba.

Jana theluji ilifunga reli.
Zdenka akasimama mlangoni na mkoba begani.
"Nipeleke," akasema, kama anayeomba ang'olewe jino.
Akafunga mkanda. Akaushika mshikio ulio juu ya dirisha
kwa mikono yote miwili.

Kwenye kipilefti basi lililokuwa mbele likawasha taa za nyuma.
Mimi nilikuwa nimeshainua mguu.
Mguu wake ukaenda pia, kwa mazoea, ukalikanyaga tundu,
na gari likapoa lenyewe, taratibu, kama chai.
Akanigeukia.
"Unaumwa?"
"Hapana."
"Basi kuna nini?"
Nikasema barabara inateleza.

Karibu na Medvode mkono mmoja ukaachia mshikio.
Baadaye kidogo, wa pili.
Akafungua mkoba, akatoa riwaya,
akalamba kidole, akatafuta ukurasa wake.

Farasi alikuwepo, mweupe ndani ya weupe,
lilionekana blanketi tu, limesimama peke yake shambani.
Nilitaka kumwonyesha.
Alikuwa anasoma.